Jumba Linalotunza Michoro ya Magazeti

Gazeti likishasomwa hufungiwa vitumbua au huwashiwa moto, na katuni iliyowachekesha watu asubuhi huteketea kabla ya jua kuchwa. Lakini katika mji wa Columbus, makao makuu ya jimbo la Ohio nchini Marekani, lipo jumba linalotunza michoro ya namna hiyo kama watu wengine watunzavyo dhahabu.

Jumba hilo ni la Chuo Kikuu cha Ohio State, nalo huitwa kwa jina la Billy Ireland, mchoraji wa gazeti la mji huo aliyefariki mwaka 1935. Lilianza mwaka 1977 katika vyumba viwili vilivyokuwa madarasa, baada ya Milton Caniff, aliyesoma chuoni hapo, kutoa michoro na karatasi zake. Huyu ndiye aliyemchora rubani Steve Canyon wa jeshi la anga. Leo michoro asilia iliyomo yapata 300,000.

Mgeni aingiaye humo hushangaa kwanza kwa ukubwa wa michoro. Picha aliyozoea kuiona gazetini ikiwa na upana wa kiganja, kumbe ilichorwa kubwa zaidi, kwa wino mweusi juu ya karatasi nene. Akiinama huona mistari ya penseli ya buluu, ambayo kamera ya mpiga chapa haikuweza kuinasa, na rangi nyeupe iliyofunika makosa. Hayo yote hayaonekani gazetini. Ni hapo atambuapo kwamba kicheko cha dakika moja kiligharimu kazi ya siku nzima.

Zamani kazi hiyo haikuthaminiwa. Mchoro ukishapigwa picha kwa ajili ya kuchapwa, ulirundikwa ghalani, ukagawiwa ovyo au ukatupwa. Mchoraji Mort Walker alisimulia kwamba aliwahi kukuta michoro ya Krazy Kat, kazi ya George Herriman, imetandikwa sakafuni ili inyonye maji yaliyovuja.

Walker hakuwa mgeni wa maisha ya kambini. Alikuwa askari nchini Italia katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1950 akaanza kumchora Beetle Bailey, ambaye mwaka uliofuata aliingizwa jeshini. Uvivu wa askari huyo, na jinsi alivyomsumbua sajini wake, uliwachekesha wengi. Lakini mwaka 1954 gazeti la wanajeshi wa Marekani lililochapwa Tokyo liliiondoa katuni hiyo, kwa hofu kwamba ingepunguza heshima kwa maofisa.

Mwaka 1974 Walker alifungua jumba lake la makumbusho huko Connecticut. Lilihama zaidi ya mara moja, na mwaka 2002 likafungwa huko Florida kwa ukosefu wa fedha. Hazina yake ingeweza kutawanyika; lakini mwaka 2008 ilikabidhiwa kwa jumba la Columbus, na ingali huko hata baada ya Walker kufariki mwaka 2018.

Nasi tunao wachoraji wetu. Waliocheka na Juha Kalulu katika Taifa Leo, au na Chakubanga katika Uhuru, wanajua jinsi mchoro mdogo unavyohifadhi mavazi, maneno na mizaha ya wakati wake. Basi mwenye mchoro wa mkono nyumbani asiukunje wala asiuanike juani. Aulaze ndani ya bahasha safi, mahali pakavu pasipo mwanga mkali. Akiba haiozi.