Forodhani kwa Macho ya Watu Wawili

Kila mji wa zamani una mahali pamoja ambapo mji wenyewe hukaa kitako. Nyumba ina sebule, mtaa una baraza, na mji una uwanja. Mgeni akitaka kujua watu wa mji fulani walitawaliwa na nani, walifanya biashara gani, na jioni hupenda kula nini, aende akakae uwanjani saa mbili tatu. Italia imesifika kwa viwanja vya namna hii. Vitabu vingi vyenye picha za nchi ile huonyesha uwanja wa San Marco katika mji wa Venice, ambako kanisa, jumba la watawala na mnara wa kengele vimesimama pamoja karibu na maji. Nasi watu wa pwani huzitazama picha hizo tukadhani kwamba mambo hayo ni ya wenzetu tu. La hasha. Uwanja wa namna hiyo tunao, na kwa sisi wa Tanga uko ng'ambo ya maji tu. Nao ni Forodhani, Unguja.

Msomaji aliyewahi kufika anajua ulivyopangika. Upande mmoja ni bahari. Upande wa pili, ukiipa bahari kisogo, mkono wako wa kulia iko Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Kushoto kwa ngome ni Beit al Ajaib, jumba la maajabu, alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883. Mbele zaidi ni Beit al Sahel, makao ya masultani. Kati ya majumba hayo mawili palikuwa na jumba la tatu, Beit al Hukm, ambalo leo halipo. Liliangushwa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Mbele ya majengo hayo ni bustani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa, na kukarabatiwa upya mwaka 2009. Na jina la mahali lenyewe, Forodhani, linatukumbusha kazi yake ya kwanza, yaani hapa ndipo shehena zilipoteremshwa na ushuru kulipwa.

Basi hapo, katika mwendo wa dakika tano kwa miguu, Wareno wapo, Waomani wapo, Waingereza wapo, Mapinduzi ya 1964 yapo, na muuza pweza naye yupo. Mwalimu wa historia hawezi kuomba ubao mkubwa kuliko huo.

Mwaka 1978 mimi na mwalimu mwenzangu tuliwapeleka wanafunzi wetu Unguja. Hatukuingia ndani ya Beit al Ajaib. Tuliwapanga watoto bustanini, na mwenzangu, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu, akawaamuru wahesabu nguzo za chuma zilizoshika roshani za jumba, ghorofa kwa ghorofa. Watoto walibishana sana. Kila mmoja alipata hesabu yake, naye akawaambia warudie mpaka wakubaliane. Mimi niliwaeleza kwamba hili lilikuwa jengo la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme, na kwamba mnara ule wenye saa haukuwapo pale tangu mwanzo, bali ulitengenezwa baada ya vita vya 1896 kuharibu mnara wa taa uliosimama mbele ya jumba. Sijui ni wangapi waliokumbuka maneno yangu. Waliohesabu nguzo, nakutana nao hadi leo hapa Tanga, watu wazima wenye wajukuu, na bado wanabishana.

Mwenzangu huyo sasa haoni. Presha ya macho ilimwanza polepole, ikachukua jicho moja, kisha la pili. Mwaka 2022 aliniambia, "Mwalimu, nipeleke Forodhani mara moja." Nikamwuliza atakwenda kutazama nini. Akanijibu, "Utatazama wewe. Mimi nitakaa."

Tulikwenda kwa basi hadi Dar es Salaam na asubuhi tukapanda boti. Tulipokaribia Unguja nilianza kumsimulia kama tulivyoafikiana: hapa ni Shangani, hapa bustani, hapa ngome. Kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimesikia habari, kama kila mtu alivyosikia, kwamba tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Lakini kusikia ni jambo moja na kuona ni jingine. Yeye habari hizo zilimpita. Mwezi ule alikuwa hospitalini, na nyumbani kwake hakuna aliyefikiri kwamba habari ya jengo la Unguja ni habari ya kumpa mgonjwa.

Akauliza, "Na jumba?"

Mtu asiyeona akikuuliza kitu, unao uwezo wa kumjengea mji mzima kwa maneno, naye asiujue uongo wako. Ningeweza kumwambia kwamba jumba lipo, saa ipo, nguzo zote zipo, na angerudi Tanga kwa furaha. Nilimwambia ukweli. Nikamwambia kwamba mbele ya jumba pamezungushiwa uzio, mnara haupo, na sehemu ya upande wa mbele imekwenda pamoja na nguzo zake. Hakusema neno mpaka tuliposhuka bandarini. Tulitembea taratibu kwa njia ya Mizingani, tukapita mtini ule mkubwa ambao chini yake mafundi walikuwa wakitengeneza vyombo vya baharini, hadi tukafika bustanini na kupata pa kukaa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uwanja si kuta peke yake. Mwenzangu aliinua uso, akaanza kuniambia yeye yale ambayo mimi sikuyaona. Alisikia vijana wakijirusha majini kutoka ukutani, akahesabu walioruka. Alijua miwa inakamuliwa upande gani, na kwamba mkaa wa mishikaki umekwisha kuwashwa ingawa jua lilikuwa bado juu. Alisikia watu wakizungumza lafudhi ya Pemba nyuma yetu, na Waitaliano wakipita mbele yetu. Kijana mmoja mwenye meza ya pweza alimwamkia, "Shikamoo, Maalim," bila kuambiwa kwamba ni mwalimu. Tukacheka. Uwanja ulikuwa mzima, ijapokuwa ukuta wake mmoja ulikuwa umebomoka.

Ndipo nikamwuliza kama amesikitika. Nilitarajia aseme ndiyo. Yeye ni mtu wa Pangani, na babu wa babu yake alilimishwa miwa ya mabwana kando ya mto ule, hali ya kuwa mtumwa. Akaniambia, "Mimi silii jumba la Sultani. Mali iliyojenga majumba haya tunajua ilitoka wapi. Nawalilia waliobeba yale mawe. Jina lao halikuandikwa popote. Ushahidi wao ulikuwa ule ukuta."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu. Wapo wengi, na baadhi yao ni watu wasomi, wanaosema kwamba majengo haya ya kale ni kumbukumbu za dhuluma, na kwamba yakianguka ni heri. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, kwa mkataba ambao Barghash huyo huyo aliutia saini kwa kushurutishwa na Waingereza, na utumwa wenyewe mashambani ukaendelea. Jumba lilijengwa miaka 10 baadaye, wakati karafuu zingali zikichumwa na watumwa. Haya yote ni kweli. Lakini tazama matokeo ya kuacha ushahidi upotee. Dhalimu hapotei, maana jina lake limo vitabuni, na picha yake ipo. Anayepotea ni fundi, mchukuzi, na mwanamke aliyeponda chokaa. Hao hawakuacha barua wala picha. Waliacha unene wa ukuta, na alama ya kiganja katika lipu.

Kuhifadhi uwanja wa kale, kwa hiyo, si kuwapenda waliotawala hapo. Hata uwanja wenyewe huwabadilisha wenyewe wake bila kuwaomba ruhusa. Ngome Kongwe iliyojengwa kwa vita iliwahi kuwa gereza, ikawa karakana ya lile garimoshi dogo la Bububu lililoanza mwaka 1905, ikawa kiwanja cha mabibi wa Kizungu kuchezea tenisi, na siku hizi watu huketi humo kusikiliza taarab. Bustani ya sherehe za Sultani leo ni mahali ambapo mtoto wa mvuvi hula urojo. Hakuna aliyetoa hotuba ili mabadiliko hayo yatokee. Watu walikwenda wakakaa, basi.

Niruhusu, msomaji, nirudi kidogo Venice. Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, mnara wa kengele wa uwanja wa San Marco, wenye urefu karibu mita 100, ulianguka wote. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku chache kabla, watu wakaondolewa uwanjani, na hakuna aliyekufa. Watu wa mji walikubaliana kuujenga tena pale pale na vile vile, na tarehe 25 Aprili 1912 ukafunguliwa. Picha nyingi tunazozitazama leo, tukastaajabia ukale wake, ni za mnara wa 1912. Kumbe hata wenzetu wanaosifiwa kwa kutunza waliwahi kuangukiwa. Kwetu Unguja nyufa nazo hazikuwa siri, kwani mwaka 2012 kipande cha jumba kilikwisha kuanguka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Forodhani methali hiyo imepita mipaka yake, kwa sababu ukuta hujengwa tena, lakini wale watu wawili hawarudi.

Na sasa tuje kwetu. Tanga pia tuna bustani inayotazama bahari, yenye mnara wa saa wa zama za Wajerumani. Tuna reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 kwa jasho la watu ambao majina yao hayamo kituoni, na shule ya serikali iliyoanzishwa na Wajerumani hao hao katika miaka ile ile. Katika mji huu, mwezi Novemba 1914, majeshi yaliletwa kutoka India kupigana na askari Waafrika waliokuwa chini ya Wajerumani. Watoto wetu hupita mahali hapo wakienda kununua sare za shule, na hawaulizi kitu, kwa sababu sisi watu wazima hatujasimama nao hata mara moja. Tunangoja fungu la fedha na tunangoja mgeni kutoka nje aje atuambie kwamba nyumba fulani ni ya thamani. Kazi ya kwanza haihitaji fungu. Inahitaji mwalimu mmoja, watoto 40, na madaftari.

Wapelekeni wahesabu. Wahesabu nguzo, madirisha, ngazi, na nyufa pia, hasa nyufa, na kila ufa waandike tarehe waliyouona na urefu wake kwa sentimita. Mwaka utakaofuata waende wengine na daftari lile lile wapime tena. Ufa ulioandikwa na mtoto wa darasa la sita, ukasomwa na mzazi wake, kisha ukafikishwa kwa diwani, ni vigumu kusahauliwa. Na mtoto aliyewahi kubishana na wenzake juu ya idadi ya nguzo hatasema ukubwani kwamba jengo lile ni la serikali na halimhusu.

Mwenzangu amekwisha kuanza. Kila Jumamosi mjukuu wake humwongoza hadi bustanini, naye humtuma huyo mtoto akatazame kitu kimoja na kurudi kumweleza. Akieleza kwa haraka, babu humrudisha akatazame tena. Mtoto analalamika sana kwa sababu ya jua. Juzi nilimwuliza mnara wa saa una madirisha mangapi, akanijibu papo hapo, kisha akaniuliza kama mimi nilikuwa sijui.