Vichaka vya Bustani Katika Baridi ya Basotu

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mwalimu, muuguzi, bwana shamba au karani, na siku moja ikakufikia barua ya uhamisho inayokutaka uripoti Basotu. Ukitoka Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang', utauacha mgongoni mlima Hanang' wenye kimo cha mita zipatazo 3,400 na kuingia katika nchi pana ya ngano, mahindi na malisho, hata utakapoliona ziwa la Basotu, lililotuama ndani ya shimo la volkano ya kale na ambalo viboko wamelifanya kuwa maskani yao. Utapewa nyumba yenye uwanja mtupu. Upande mmoja wa nyumba hiyo utakuwa na jua la kutosha, na huko kila kitu kitaota. Upande wa pili utakuwa na kivuli, upepo na ardhi baridi, na watu wengi huuacha vivyo hivyo mpaka wanapohamishwa tena. Makala haya yanauzungumzia upande huo wa pili.

Kwanza yafaa tuielewe baridi yenyewe. Basotu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga atakuta hali ya hewa iliyopungua nyuzi 9 au zaidi, tena wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, pepo za kusi huifanya baridi hiyo ipenye hadi mifupani. Hata hivyo si baridi ya Ulaya inayogandisha mashina. Mvua za huko huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma karibu na Mei. Baada ya hapo hufuata miezi mingi mikavu. Kichaka kinapokauka mwezi Septemba, mwenye nyumba husema kimeuawa na baridi, kumbe kimekufa kwa kiu. Adui wa bustani ya kivulini huko Basotu ni ukavu na upepo, na hayo ndiyo yakuongoze katika kuchagua.

Kivuli nacho kina siri yake. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza hufundisha kwamba upande wa kivuli ni kaskazini mwa nyumba. Ukivifuata vitabu hivyo Basotu utapanda kinyume. Sisi tuko kusini kidogo mwa Ikweta, na tangu mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita kaskazini yetu. Ukuta wa kusini hukaa kivulini kwa muda wa miezi saba, nayo ndiyo miezi ya baridi na ukavu. Kisha Desemba jua hugeuka na kuupiga ukuta huohuo. Basi kichaka unachokitafuta ni kile kinachovumilia kivuli kirefu, na pia hakiungui majani jua linaporejea. Mimea ya namna hiyo si mingi.

Naanza na masale, na ningeshauri kila mwenye nyumba aanze nayo. Katika migomba ya Uchagga masale husimama chini ya kivuli kizito mwaka baada ya mwaka, yakiwa alama ya mpaka, na jani lake likiwa ishara ya kuomba msamaha na amani. Kata kipande cha shina chenye urefu wa dhiraa moja, kichomeke ardhini mvua zinapoanza, nacho kitatoa mizizi bila kukudai mengi. Hakina maua ya kujivunia, lakini majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, na panapo masale ukuta hauonekani tena kuwa mtupu.

Wa pili ni mbuni. Wengi wetu tumezoea kuuona kama zao la fedha tu, tukasahau kwamba mbuni wa arabika ni kichaka cha msituni, kilichozaliwa chini ya miti mikubwa ya nyanda za juu za Uhabeshi. Majani yake yang'aayo, maua meupe yanayonukia kama asumini, na matunda yanayogeuka mekundu, vyote ni urembo ambao watu wa nchi za mbali huulipia. Ila mbuni hauvumilii upepo. Uweke penye kona kati ya nyumba na jiko la uani, mahali ambapo kusi haifiki, nao utahitaji maji katika miezi mikavu.

Kipo pia kile kichaka chenye majani laini ya manyoya na maua ya buluu kipandwacho uani katika vijiji vya milimani, ambacho wataalamu hukiita Coleus barbatus. Huota kwa kipandikizi, hukua upesi, na kivuli cha nusu siku hakikisumbui. Kwa mwenye haraka hakuna kilicho rahisi kuliko hiki, ingawa usipokipogoa kitakuwa kama kichwa kisichochanwa.

Bila shaka mtu atauliza habari za haidrenja, lile ua la mashada makubwa kama vichwa vya koliflawa, linalopendwa sana katika nchi za baridi. Ni ua zuri, nalo lina ajabu yake: penye udongo wenye tindikali huchanua buluu, penye udongo wa chokaa huchanua waridi. Lakini ni mlevi wa maji. Huko ambako ndoo hubebwa kichwani na mama au watoto, mimi sioni haki ya kuimimina ndoo hiyo kwenye ua la mapambo. Anayelitaka na alinyweshee maji ya kusuuzia vyombo.

(Tusidhani, lakini, kwamba mimea ya kivulini ni ya kuazima Ulaya tu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao ua dogo alilolikuta kwenye misitu ya Usambara, na leo ua hilo liko madirishani mwa nyumba za nchi za theluji.)

Kuhusu ua wa kuzunguka kiwanja, watu watakuambia upande manyara, mti ambao jina lake limo katika ziwa na katika mkoa wenyewe tangu ulipoundwa mwaka 2002. Ni ushauri mzuri kwa upande wa jua, si kwa kivulini. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kuharibu kuona, kwa hiyo usiupande karibu na mahali watoto wanapochezea. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi mbili tatu katika shada moja, usiipande kabisa. Husambaa porini, na ni sumu kwa ng'ombe.

Na hapa sharti nikuombe usikilize vizuri, kwa maana unakwenda kuishi miongoni mwa wafugaji. Wabarbaig wa Hanang' walipoteza malisho mengi tangu miaka ya 1970, wakati Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipofungua mashamba saba ya ngano yenye jumla ya ekari laki moja hivi. Makaburi ya wazee wao waheshimiwa, ambayo hujengewa kichuguu kirefu na kutunzwa, yalilimwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani katika miaka ya 1980, kikashinda Mahakama Kuu na kushindwa kwenye rufani. NAFCO haipo tena kwenye mashamba hayo, lakini mambo hayo hayajasahaulika. Kwa hiyo ua wako usivuke mpaka hata kwa hatua moja, wala usifunge njia ya ng'ombe ya kwendea maji. Na ukiona mche mzuri porini, usiung'oe wala kukata tawi kabla hujawauliza wazee wa mahali pale kuna nini. Huenda unasimama juu ya kaburi la babu yao.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Chimba mashimo mwezi Novemba, changanya udongo na samadi iliyooza, ambayo katika nchi ya ng'ombe hutaikosa, na upande mara mvua zikishika. Zungushia miche miiba, kwani mbuzi hawajui bustani. Mvua zikikaribia kuisha, omba mabua ya ngano kwa jirani aliyevuna na uyatandaze kuzunguka mashina kwa unene wa kiganja, ili unyevu usikimbie. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya mabua na shina, mchwa wasipate daraja.