Mali Bila Daftari: Karatasi za Wanafunzi Katika Darasa la Misikhu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa penye biashara, kwa kuwa mwenye duka asiyeandika madeni yake hawezi kujua ni nani aliyemfilisi. Ipo, hata hivyo, mali nyingine ambayo sisi tunaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili tutaishika kila siku, nayo ni karatasi za wanafunzi: insha, majaribio, mazoezi ya ufahamu na kazi za ziada. Katika makala haya ningependa kuwashirikisha wasomaji tajriba yangu ya miaka miwili ya kufundisha katika shule moja ya kutwa karibu na Misikhu. Dai langu ni kwamba namna mwalimu anavyozipanga karatasi hizo si kazi ya karani wala si suala la unadhifu wa meza. Ni sehemu ya ufundishaji wenyewe, na mara nyingine ni suala la haki.

Misikhu ni soko lililo kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika Kaunti ya Bungoma. Ni nchi ya mahindi, maharagwe na miwa. Msafiri aelekeaye kusini hufika Webuye baada ya muda mfupi, mji ambao kwa miaka mingi ulijulikana kote nchini kwa kiwanda chake cha karatasi, Pan African Paper Mills, au Panpaper kwa wenyeji. Uzalishaji ulisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kiwanda kikaingia mikononi mwa wawekezaji wapya. Basi hili ni eneo ambalo karatasi ililisha watu. Hata hivyo, ukinunua njugu sokoni, yamkini utakabidhiwa zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya mtihani wa mtoto, wino mwekundu wa mwalimu ukiwa bado unasomeka. Mimi nimekula njugu huku nikisoma aya ya mwanafunzi nisiyemjua. Muuzaji hana lawama. Yeye ametumia kitu ambacho shule imekwisha kuamua kuwa ni taka.

Tuangalie hesabu. Nilikuwa na mikondo miwili ya Kidato cha Pili, mmoja wa wanafunzi 52 na mwingine wa 56. Insha sita kwa kila mwanafunzi katika muhula ni karatasi 648. Kwa mihula mitatu ni 1,944, na hapo bado hatujahesabu majaribio ya sarufi wala ya fasihi. Karatasi hizo huandikwa juu ya fulskepu, hubebwa chini ya mvua ya jioni na vumbi jekundu la kiangazi, kisha hulala katika chumba ambacho mchwa na panya wana haki sawa na mwalimu. Asiye na utaratibu hatafika wiki ya nne akiwa na zote.

Sisemi kwamba shule zetu hazina kumbukumbu. Mwalimu wa Kenya huandaa azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi iliyofundishwa, rejista ya mahudhurio na orodha ya alama. Nyaraka hizi ni muhimu, na huwekwa katika faili safi kwa sababu mkaguzi anaweza kubisha hodi wakati wowote. Mimi huziita karatasi za wageni. Zinatazama juu, kuelekea ofisini, na zinaeleza mwalimu amefanya nini. Karatasi za mwanafunzi ni karatasi za wenyeji. Zinaeleza mtoto amejifunza nini, na kwa kuwa hakuna mgeni anayeziulizia, ndizo zinazoishia kwa muuza njugu. Alama hubaki katika orodha, ilhali sentensi zilizozaa alama hiyo hutoweka.

Kutoweka huko nakujua kwa upande wa dawati la mwanafunzi. Nikiwa katika shule ya upili, ambayo si hiyo niliyokuja kufundisha, niliandika insha ya mwisho wa muhula nikaikabidhi pamoja na wenzangu. Wakati wa kurudishiwa, yangu haikuwamo. Nilipouliza niliambiwa, "Hukuleta." Ripoti iliyomfikia baba yangu ilikuwa na sufuri mahali pa insha, na baba, ambaye alikuwa ameuza magunia mawili ya mahindi kulipa karo, aliisoma mara mbili bila kusema neno. Sikuwa na ushahidi wowote. Mwalimu naye hakuwa nao, lakini kati yetu sisi wawili ni neno lake tu lililokuwa na uzito. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pasipo na daftari, mnyonge ndiye anayelipa.

Kwa hiyo nilipoingia darasani Misikhu nilianza na mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi aliandika nambari yake ya rejista katika pembe ya juu kulia ya kila karatasi, ili mrundo uweze kupangwa kwa dakika chache. Pili, palikuwa na daftari moja la kukusanyia kazi, ambalo mwanafunzi alitia sahihi alipokabidhi na akatia tena aliporudishiwa. Tatu, kila mmoja alitengeneza jalada lake kwa vipande viwili vya katoni kutoka dukani, vikatobolewa kwa msumari na kufungwa kwa uzi wa katani. Majalada yalikaa ndani ya masanduku ya katoni, sanduku moja kwa kila safu ya madawati, juu ya matofali ili mchwa wasiyafikie. Nne, dakika kumi za mwisho za kipindi cha Ijumaa zilikuwa za kupanga. Karatasi mpya iliwekwa juu ya zile za zamani, na katika ukurasa wa kwanza wa jalada mwanafunzi mwenyewe aliandika tarehe, mada, alama, na kosa moja ambalo angelishughulikia katika insha ijayo.

Mwenzangu mmoja chumbani mwa walimu alinitania kwamba nimesomea ualimu nikahitimu ukarani. Utani huo una hoja ndani yake, kwa maana dakika kumi kila wiki ni nyingi kwa mwalimu ambaye silabasi inamkimbiza. Jibu nililipata ndani ya majalada yenyewe.

Alikuwapo mvulana mmoja ambaye insha zake zilikuwa zimetapakaa wino mwekundu. Aliandika "kari" badala ya gari, "tawa" badala ya dawa, "kitapu" badala ya kitabu, "chana" badala ya jana. Nilipozisoma insha hizo moja moja, kila wiki mbili, niliona uzembe. Muhula ulipokwisha nilizisoma sita kwa mfululizo zikiwa zimefungwa pamoja, nikaona jambo jingine kabisa. Maneno mbele, ndani, ngoma na njaa aliyaandika sawasawa kila mara. Sauti ghuna zilimponyoka pale tu ambapo hazikutanguliwa na nazali. Huo si uzembe. Ni mfumo wa sauti wa Lubukusu, lugha yake ya kwanza, ambamo vipasuo ghuna hupatikana vikiandamana na nazali. S. P. Corder, katika makala yake maarufu ya mwaka 1967, alisisitiza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga akilini. Tulikuwa tumeisoma nadharia hiyo chuoni, lakini ushahidi huo hauonekani katika karatasi moja. Huonekana katika jalada.

Nilimwita, tukayaweka maneno hayo katika safu mbili, yeye akaisoma kanuni kabla sijaitamka. Kisha tukafanya mazoezi ya jozi kama vile gamba na kamba, dawa na tawa, bata na pata. Makosa hayakuisha kwa siku moja, lakini katika ukurasa wake wa kwanza, pale alipozoea kuandika "kuandika vizuri", alianza kuandika "g na k bila n". Mwanafunzi anayeweza kulitaja kosa lake kwa jina ameanza kulitawala.

Mfano wa pili unahusu karo. Kila muhula wako wanafunzi wanaorudishwa nyumbani kutafuta salio, na msichana mmoja alikaa huko wiki tano. Kiranja wa safu yake alizoea, kila Ijumaa, kutia swali la insha ndani ya jalada la asiyekuwapo, jina likiwa limeandikwa na karatasi ikiwa tupu. Msichana huyo aliporejea, alifungua jalada lake akakuta maswali mawili na zoezi moja la ufahamu yakimngoja. Aliniuliza kama nilijua kwamba angerudi. Nilimwambia jalada lake halikuwa limefungwa. Kazi hizo alizimaliza kwa siku nane, tena bila kuagizwa. Darasa lilikuwa limemwekea nafasi yake, na nafasi hiyo ilikuwa na umbo la katoni na uzi wa katani.

Sisi wanafunzi wa fasihi hatupaswi kushangazwa na nguvu ya karatasi iliyotunzwa. Tunazijadili leo tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na hatimaye W. Hichens akazitoa katika diwani mwaka 1940. Kati ya kifo cha mshairi na diwani hiyo kuna miaka mia moja. Katika muda huo wote tungo zilitegemea kumbukumbu za watu na karatasi za wachache waliojali. Sidai kwamba kila mtoto wa Kidato cha Pili ni Muyaka. Nasema tu kwamba hatuna njia ya kumjua aliye Muyaka ikiwa insha zake zote zimefungia njugu.

Ipo hoja nyingine ya kuzingatia. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20, katika kikao kimoja. Mtahini huziona mbili. Jalada la mwaka mmoja huziona kumi na nane. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umelipa jalada la kazi za mwanafunzi nafasi rasmi katika tathmini. Hilo ni jema. Hofu yangu ni kwamba jalada lenyewe linaweza kugeuka kuwa karatasi ya wageni: likapambwa kwa rangi, likajazwa usiku mmoja na mzazi, likapigwa muhuri na lisisomwe tena. Jalada lisilosomwa na mwalimu, na lisilorejelewa na mwanafunzi, ni ghala lisilo na mwenyewe.

Ningependekeza, basi, kwamba idara zetu za Kiswahili ziingize utunzaji wa kazi za wanafunzi katika kozi za mbinu za ufundishaji. Hufunzwa namna ya kuandaa andalio la somo kwa undani, lakini ni nadra tufunzwe tufanyeje na insha 108 zinazotua mezani Jumatatu asubuhi. Kwa wenzangu mnaotarajia kwenda katika mazoezi ya ualimu muhula ujao, ombi langu ni dogo. Kabla ya kusahihisha insha ya kwanza, nunueni daftari moja la kukusanyia kazi na kibonge cha uzi wa katani, ombeni makatoni dukani, na mtengeni dakika kumi za Ijumaa. Mwisho wa mwaka wapeni wanafunzi majalada yao wayapeleke nyumbani. Wapo wazazi ambao hawajapata kuona kazi ya mtoto wao ila kwa namna ya alama katika ripoti, na wao pia wana haki ya kuzisoma sentensi zake.