Wageni wa Kibanjani

Mama yangu alimpenda Tonny Njuguna, lakini hakumwamini. Kila nilipokwenda likizo Buhembe tuliketi kutazama Shamba Shape Up, kipindi kilichoanza nchini Kenya mwaka 2012 na baadaye kikatufikia huku Tanzania. Tonny na mwenzake Naomi Kamau huingia nyumbani kwa mkulima mdogo wakiwa na wataalamu. Kwa siku chache banda la kuku hujengwa upya, udongo hupimwa, ng'ombe hupata zizi safi. Kisha familia husimama mbele ya kamera ikitabasamu, na wageni huondoka.

Wanafunzi wangu huenda hawajui kwamba Tonny huyu alikuwa mmoja wa Redykyulass, wachekeshaji waliothubutu kumwigiza Rais Moi angali Ikulu. Aliyewacheka wakubwa akaenda kushika jembe na wadogo. Mimi nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Kwetu Buhaya, anayekarabati nyumba akaacha kibanja amefanya nusu ya kazi. Nyumba imezungukwa na migomba, mibuni imo humo humo, na kaburi la baba limo humo. Kwa hiyo mnyauko wa migomba, uliobainika Kagera mwaka 2006, ulipofika kwetu, ilikuwa ni nyumba iliyougua. Majani yalinyauka kama yaliyobabuka kwa moto, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na shina lililokatwa likatoa usaha wa manjano.

Nilimpigia Mama simu. Nilimweleza kwamba ugonjwa huo hauna dawa: aondoe ua dume kwa kijiti chenye panda, asilikate kwa panga, apitishe panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, ang'oe mara moja kila shina lililougua. Niliyasema kwa sauti ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hao wageni wako watakuja lini, mwanangu?"

Sikuelewa. Nilidhani anatania. Mama aling'oa mashina 31 kwa mikono yake. Jirani hakung'oa hata moja, na nyuki hawajui mpaka. Alichohitaji ni mtu wa kusimama kati ya vibanja viwili na kuwaambia wote wawili neno moja, siku moja, kwa mamlaka. Alikwenda kumtafuta afisa ugani mara tatu. Aliambiwa pikipiki haina mafuta.

Silaumu kipindi. Kimefundisha kwa ustadi kile ambacho televisheni inaweza kufundisha. Kinachonisumbua ni sisi tunaolipwa kwa kodi, tulioiga kamera tukasahau jembe: shamba darasa tunaliweka kando ya lami, mahali ambapo gari la mgeni rasmi hufika bila kuchafuka, tunapiga picha, tunaandika taarifa. Nami nimo, maana nilitoa ushauri nikiwa kilomita mamia kutoka kwenye panga.

Desemba iliyopita nilikaribishwa kwa matoke yaliyonunuliwa sokoni. Mama aliyaweka mezani bila kunitazama usoni. Televisheni ilikuwa imewashwa. Tonny na Naomi walikuwa kwa familia nyingine.

"Jirani amekubali kung'oa kesho," alisema, akipunguza sauti ya televisheni. "Umekuja na nguo za kazi?"