Chenji ya Watu Wawili

Daladala ilipata jina lake kutokana na dala, yaani shilingi 5 katika lugha ya mitaani. Magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, sarafu hiyo moja ilimaliza hesabu ya nauli. Leo dala haimo mifukoni, jina limebaki, na abiria ana taabu ya chenji, ambayo kwangu huzidi kukanyagwa na kupitishwa kituo. Wala konda hana hila kila mara. Sarafu humwishia kweli.

Juzi, nikitoka Temeke kwenda Kinondoni, konda alinitia mkononi noti ya shilingi 1,000.

"Mzee, mgawane na bibi hapo."

Mimi na bibi yule hatukujuana; tulikuwa tumeamkiana tu. Tangu Ilala tuliitazama noti ile kama warithi wa shamba moja. Magomeni akataka kushuka. Alifungua pindo la kanga, akahesabu shilingi 300.

"Mwanangu, zilizobaki pokea hizi."

Zilikuwa ndimu mbili. Nilikataa, akakasirika, akasema hawezi kulala na deni la mtu asiyeijua nyumba yake. Konda akapiga bati. Ndimu zikabaki mapajani mwangu, naye akavuka barabara na noti yake.