"Saa Moja Tu" Hadi Buigiri

Kama wewe uko Dar na mwenzio yuko Dodoma, maneno haya lazima umeshayasikia: "Si upande ndege tu, saa moja umefika!" Mume wangu alikuwa akiyasema kila Jumatano, siku tunayoanza kuvutana kuhusu wikiendi. Mama mkwe naye akayadaka.

Hatuko peke yetu. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973!), ndoa nyingi zilianza kuishi mikoa miwili. Zamu yetu ilifika 2023. Kazi yake iko Chamwino, nyumba tumepanga Buigiri, kando ya barabara kuu, kama kilomita 35 kabla ya Dodoma mjini ukitokea Morogoro. Mimi mhariri, kazi yangu iko Dar, naishi Sinza.

Siku moja tukachukua kalamu. Ukipiga mstari ulionyooka, Dar hadi Dodoma ni kilomita kama 390. Kwa barabara ni 450 hivi. Angani ni saa moja na dakika zake, hapo baba hajadanganya. Lakini mimi siishi uwanja wa ndege! Ijumaa natoka Sinza saa 9 alasiri. Foleni, kuripoti, kukaguliwa, kusubiri. Ndege inatua Dodoma, yaani nyumbani nimeshapapita, natafuta teksi ya kunirudisha nyuma. Mlango kwa mlango ni saa tano. Nafika saa 2 usiku, chakula kimepoa na mtu kanuna.

Basi ni saa nane au zaidi, mgongo unakoma. Ila linanishusha Buigiri palepale, na jirani ananiamkia "Mbukwenyi!" kabla sijashika begi vizuri.

Halafu ikaja treni ya umeme, Dar hadi Dodoma, mwaka 2024. Takriban saa nne, na nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Ukijumlisha kwenda stesheni na kurudi Buigiri, ni saa sita na nusu. Kwa hiyo ndege inaniokolea saa moja na nusu, na inaondoka na hela ya saluni, vocha na nusu ya kodi. Wenzetu wa London na Paris hesabu hii wanaijua tangu 1994, treni yao ya chini ya bahari ilipoanza: ndege ni ya haraka zaidi, lakini treni inakutoa mjini na kukushusha mjini.

Kilichomnyamazisha mume wangu hakikuwa nauli. Nilihesabu muda tunaobaki nao: Ijumaa saa 2 usiku hadi Jumapili saa 6 mchana, saa 40. Toa usingizi, toa kanisa, toa wageni wake. Alikaa kimya muda mrefu. Kesho yake akaniuliza, "Mama, tukikutana Morogoro je?"

Kwangu ni treni ya saa mbili hivi, kwake basi la saa nne. Sasa wikiendi mbili ni Morogoro, moja Buigiri, moja anakuja Sinza. Mama mkwe hajafurahi. Ijumaa hii ni zamu ya Sinza, na tangu jana bwana ananipigia simu kuuliza foleni ya Ubungo ikoje.