Soda Niliyowazoesha Watoto



Kwa miaka mingi hapa Kimumu, kila mwanafunzi wa chuo chetu aliyehifadhi juzuu nilimpa soda kwa mkono wangu. Niliona ni ukarimu. Mwaka jana tabibu alinieleza kuwa nina kisukari, kisha akaniuliza hunywa nini. Nilipokuwa nikimjibu, niliwakumbuka wale watoto.

Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban vijiko vinane vya chai vya sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema sukari ya kutiwa ikibaki chini ya gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita, ndiyo heri zaidi kwa mtu mzima. Chupa moja imekwishavuka mpaka huo.

Hata hivyo, niliposikia watu wakitaka ushuru wa soda uongezwe, moyo wangu ulikataa. Mnyonge analipa ushuru wa kutosha, nilisema. Kisha nikajua kwamba Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliyaweka maji ya chupa na soda katika fungu moja: shilingi 5 kwa lita. Maji na sukari vimepimwa kwa pishi moja! Nao mnyonge niliyemtetea ndiye anayeuza mbuzi ili anunue dawa za kisukari.

Jamaa zetu walioko Maskati wanajua kuwa Juni 2019 Oman ilianza kuitoza soda ushuru wa asilimia 50. Uingereza, mwaka 2018, iliupima ushuru kwa kiasi cha sukari iliyomo, na viwanda vingi vikapunguza sukari ili visilipe. Njia hii naiona karibu zaidi na uadilifu: maji yapunguziwe, sukari ilipe.

Lakini ushuru hauingii katika sinia zetu za harusi na maulidi. Humo tunaingia sisi wenyewe, nasi tumekatazwa israfu hata katika kilicho halali.

Juzi mtoto mmoja alihifadhi Juzuu Amma. Nikampa daftari na embe. Akanitazama, akauliza, “Sheikh, soda iko wapi?”

Sikuwa na la kumlaumu. Mazoea hayo aliyapata kwangu.

Wabillahi tawfiq.